Maji yamekuwa safi, tope je? Uzi kuhusu mafuta yaliyozama Makupa, Mauritius na kwingineko

Mchu_wa_PortReitz (mwenye uzi)

Wakuu, salaam.

Nimelelewa upande wa Port Reitz, Mombasa, na bibi aliyekuwa akishuka pwani kila bamvua, siku za mwezi mpya na mwezi mpevu maji yanapopwa sana, kuchokoa kombe. Jembe fupi, kikapu, leso imekazwa kiunoni. Maji yakipwa, tope linaonekana mpaka mbali, na yeye anatazama vitundu tu: hiki cha kaa, hiki cha kombe, hiki mwenyewe kashahama. Siku hizi riziki yangu inatoka kwenye tope lile lile. Nazamisha bomba la plastiki, natoa kipande cha tope, nakipitisha kwenye chekeche ya nusu milimita, kinachobaki nakitia formalini kisioze na rangi nyekundu ili viumbe waonekane, kisha naketi na hadubini kuhesabu. Minyoo, konokono, kombe wachanga, vidudu vya jamii ya kamba visivyozidi punje ya mchele. Kipande kimoja cha tope zima kinaweza kunikalisha siku mbili.

Nimefungua uzi huu kwa sababu kila mafuta yanapomwagika baharini hadithi ni ile ile. Siku ya kwanza kamera zimejaa, maji meusi, ndege kalowa mafuta. Wiki ya tatu maji ni buluu, tunaambiwa hali imerudi kawaida, na watu wanarudi majumbani. Hakuna anayechimba.

Mwaka 1988 zilimwagika takriban tani 5,000 za mafuta kwenye hori la Makupa. Mwezi wa Aprili 2005 meli ya mafuta ilitoboka Port Reitz na mikoko ikachafuka tena. Vijana wanaovuka daraja la Makupa asubuhi kwenda kazini hawana habari kwamba chini yao pana historia hiyo.

Sasa mafuta yanafikaje chini, na sote tunajua mafuta huelea? Sehemu nyepesi, yenye harufu kali ya petroli, huruka hewani ndani ya siku moja au mbili. Nyingine hupigwa na jua na mawimbi ikasambaa. Inayobaki ni nzito, na maji ya hori letu si maji ya kisima: mto Mwache unamwaga udongo Port Reitz kila masika. Vitone vya mafuta vinanatana na chembe za udongo, vinapata uzito, vinazama. Na maji yakipwa, mafuta hayahitaji hata kuzama, yanalala juu ya tope lenyewe na kuteremka kupitia mashimo ya kaa. Shimo la kaa ni bomba. Linaweza kushusha mafuta hatua ambayo yasingefika yenyewe hata kwa miaka.

Huko chini ndiko kwenye msiba. Ukichimba tope la mikoko, juu ni kahawia, na chini kidogo tu linageuka jeusi lenye harufu ya yai viza. Weusi huo maana yake oksijeni imekwisha. Bakteria wanaokula mafuta kwa kasi wanahitaji oksijeni. Wapo wanaofanya kazi bila hiyo, lakini mwendo wao ni wa kobe. Kwa hiyo mafuta yaliyofika pale yanakaa kama nyama iliyotiwa barafu. Mwaka unapita, miaka kumi inapita, nawe ukikata tope unasikia harufu ya dizeli.

Nitaendelea kadiri mnavyouliza.

---

Nahodha_Mstaafu

Kijana, nimekula chumvi ya bahari miaka thelathini. Bahari inajitakasa. Kusi likivuma hapa, hata gogo la mbuyu linasagika. Sasa mafuta ni nini? Isitoshe, mengine yanatoka yenyewe chini ya bahari tangu dunia iumbwe.

---

Mchu_wa_PortReitz

Shikamoo mzee wangu. Kwa nje ya mwamba siwezi kukupinga sana. Pwani ya mawe inayopigwa na mawimbi husafika mapema kuliko hori, na ni kweli yapo mafuta yanayovuja yenyewe chini ya bahari, ila hayo hutoka kidogo kidogo na viumbe wa pale wameyazoea vizazi na vizazi.

Lakini nikupe kisa kimoja. Januari 1993 meli iitwayo Braer ilipanda mwamba visiwa vya Shetland, kaskazini ya Uingereza, ikiwa na tani karibu 85,000 za mafuta ghafi mepesi. Dhoruba ilikuwa haijapata kuonekana. Mafuta yakachapwa, yakachanganyika na maji, juu hapakubaki utando mkubwa kama ulivyotarajiwa. Watu wakasema kama unavyosema wewe. Watafiti walipochota tope kwenye mabonde ya chini ya bahari mbali na pale meli ilipovunjikia, makadirio yao yakawa kwamba theluthi hivi ya mafuta yote ilikuwa imelala huko. Dhoruba iliyahamisha.

Na hapo ni bahari iliyo wazi. Lagoni ni maji yaliyozungukwa na mwamba au mchanga. Hori ni mkono wa bahari ulioingia bara. Kote huko maji huingia na kutoka kwa mlango mwembamba na mawimbi hayafiki. Makupa tuliizidishia. Tuta lilijengwa 1929, likaziba njia ya maji kati ya hori la Tudor na la Port Reitz, na likakaa hivyo mpaka daraja lilipofunguliwa 2022. Zaidi ya miaka 90 maji ya Makupa yalikuwa yakiingia na kurudi njia ile ile, yakiacha kila yalichokileta. Mafuta ya 1988 yalimwagika ndani ya chumba kisicho na mlango wa nyuma.

---

Nahodha_Mstaafu

Marahaba. Tuta la Makupa nalifahamu, na harufu ya jalala la Kibarani pale kando tulikuwa tunaisikia tukiwa melini bado. Hilo la Braer sikulijua. Endelea.

---

Bi_Tondoo_Unguja

Assalam alaykum. Mimi nachokoa tondoo na kombe, nauza nyingine, nyingine tunakula. Nataka kuuliza la jikoni. Siku moja maji yaliingia na mng'ao wa rangi rangi kama upinde wa mvua, boti ilikuwa imemwaga dizeli. Tuliacha siku tatu, harufu ikaisha, tukarudi kuchokoa. Tulikosea?

---

Mchu_wa_PortReitz

Wa alaykum salaam dada yangu. Swali lako ndilo lililokuwa la bibi.

Kombe, chaza na tondoo wanaishi kwa kuchuja maji. Kila kilichomo majini kinapita mwilini mwao mchana kutwa. Samaki akimeza mafuta, ini lake lina uwezo wa kuyavunja na kuyatoa kwa nyongo, kwa hiyo nyama yake husafika haraka kiasi. Kaa yuko katikati. Kombe hana uwezo huo ila kidogo sana, kwa hiyo anayaweka kwenye mafuta ya mwili wake. Ndiyo maana nchi nyingi zinamtumia kombe kama shahidi: ukitaka kujua maji yalikuwaje miezi iliyopita, mpime yeye.

Dizeli kidogo iliyomwagika mara moja kwenye maji yanayotembea, kombe hujisafisha akipata maji mazuri, kwa wiki kadhaa, si siku tatu. Shida ni akiwa amekaa kwenye tope lililonywa mafuta. Huyo hapati nafasi ya kujisafisha kwa sababu kila bamvua tope linamrudishia.

Na harufu isikudanganye. Kinachonuka ni zile sehemu nyepesi. Zinazotia wasiwasi zaidi kwa afya ni hidrokaboni, yaani kemikali zinazounda mafuta, zenye pete nyingi za kaboni zilizoungana, kama benzopirini yenye pete tano, ambayo inasababisha saratani. Hiyo kwa kiasi kinachopatikana kwenye kombe haina harufu wala ladha. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo chake kwenye kombe na chaza kuwa maikrogramu 5 kwa kilo moja. Hicho ni kiasi ambacho pua haiwezi kukifikia.

Kwa hiyo dada, ukiona mng'ao wa siku moja, subiri bamvua mbili au tatu na uchokoe mbali na pale. Ukichimba ukaona tope linatoa utando wa mafuta kwenye maji ya shimo, pahala hapo paache kabisa, hata kama maji ya juu ni meupe kama kioo.

---

Mwanafunzi_wa_Bahari

Mkuu, nasoma mwaka wa tatu. Ni viumbe gani wanaotangulia kufa? Na nani wanabaki?

---

Mchu_wa_PortReitz

Hapa ndipo kazi yangu ilipo, mnivumilie.

Wanaotangulia karibu kila mahali ni amfipodi, vile vidudu vya jamii ya kamba nilivyosema. Machi 1978 meli ya Amoco Cadiz ilivunjika pwani ya Brittany, Ufaransa, ikamwaga zaidi ya tani 220,000. Kwenye ghuba ya Morlaix kulikuwa na mchanga laini uliojaa amfipodi wa jenasi ya Ampelisca. Wakafa karibu wote. Minyoo mingi ya pale ilistahimili, Ampelisca haikuweza. Na ilichukua zaidi ya miaka kumi kurudi walivyokuwa. Sababu yake ni ya kusikitisha na rahisi kuielewa: Ampelisca hatupi mayai majini yakachukuliwa na mkondo. Mama anawabeba watoto kifuani mpaka wanatoka wamekamilika, wanaanza maisha pale pale. Mtaa mzima ukifa, hakuna watoto wa kuletwa na maji kutoka mbali.

Wanaobaki, au wanaokuja baada ya msiba, ni minyoo midogo ya Capitella. Hii inapenda pale wengine wasipopaweza. Oksijeni haba, uchafu mwingi, mafuta, yenyewe inazaa tu. Ukichekecha tope ukapata mamia ya Capitella na hakuna kingine, usifurahi kwamba kuna uhai mwingi.

Chini ya hao wapo nematodi, minyoo isiyoonekana kwa macho, maelfu kwenye kiganja kimoja cha tope. Watafiti wa Tunisia walichukua tope la lagoni ya Ghar El Melh, wakalitia dizeli kwa vipimo tofauti, wakasubiri, wakahesabu. Aina ya Chaetonema ilitoweka kwenye vipimo vyote, hata kile kidogo kabisa. Pomponema na Oncholaimus campylocercoides zilipungua lakini hazikwisha. Na aina za Daptonema pamoja na Hypodontolaimus colesi ziliongezeka! Utaona hapo kosa la mtu anayehesabu jumla tu. Jumla inaweza kukudanganya, kwa sababu waliokufa nafasi yao imejazwa na wasiojali. Lazima ujue majina.

Jambo jingine wengi hawalijui: jua la kwetu linazidisha sumu. Hidrokaboni za pete zikiingia kwenye mwili mwororo unaopenyeza mwanga, kama wa kaa mchanga au kombe mchanga, halafu miali ya jua kali ikampiga, sumu inaongezeka mara nyingi kuliko gizani. Vipimo vilivyofanywa kwenye chumba chenye taa hafifu huko baridi havisemi yote kuhusu maji ya magoti ya hapa Mombasa saa sita mchana.

---

Mwanafunzi_wa_Bahari

Nashukuru sana mkuu. Na ushahidi kwamba mafuta yanakaa miaka mingi chini? Mwalimu alitaja West Falmouth kwa haraka akapita.

---

Mchu_wa_PortReitz

Asipite haraka pale! Kama kuna kisa kimoja cha kukisoma mpaka mwisho ni hicho.

Tarehe 16 Septemba 1969, tishali liitwalo Florida lilipanda mwamba karibu na West Falmouth, Massachusetts, Marekani. Likamwaga lita zipatazo 700,000 za mafuta ya aina ya dizeli. Kwa viwango vya ajali za meli, hilo ni dogo. Lakini upepo uliyasukuma mafuta kwenye kinamasi cha Wild Harbor, na kilomita chache tu kutoka pale kulikuwa na taasisi ya utafiti wa bahari ya Woods Hole. Howard Sanders, mtaalamu wa viumbe wa topeni, na Max Blumer, mkemia, walianza kuchota tope mara moja. Wengine walikuwa wanasema dizeli ni nyepesi, itaisha yenyewe upesi. Blumer akaonyesha kwa vipimo kwamba bado imo topeni na bado ina sumu.

Kisa hakikuishia hapo. Kizazi cha pili cha watafiti kilirudi miaka 30 baadaye. Wakakata tope. Juu pasafi, nyasi zimeota. Kati ya sentimita 6 na 28 kwenda chini, dizeli ya 1969 bado ipo, hasa zile sehemu ambazo bakteria hawazipendi.

Na kaa wakaeleza zaidi ya mashine. Pale kuna kaa wa jamii ya hawa wetu wenye gando moja kubwa, wanaopunga kama wanaita mtu. Watafiti walimimina plasta kwenye mashimo yao ili wapate umbo. Pahala pasafi kaa anachimba moja kwa moja kwenda chini. Pale Wild Harbor alichimba mpaka karibu na tabaka lenye mafuta, akakata kona, akaenda ubavuni au akaacha. Miaka karibu arobaini baada ya ajali! Na hao kaa walikuwa wazito wa kukimbia ukiwashtua, wanakula kidogo, na idadi yao ni ndogo kuliko ya jirani zao. Miaka ya mwanzo baada ya ajali wengi walikuwa wakifa wakati wa baridi kwa sababu mashimo yao hayakuwa na kina cha kuwakinga.

Sisi hatuna theluji, lakini tuna jua. Kaa wa Port Reitz anateremka shimoni kulifuata tope la baridi na lenye maji. Ukimnyima kina, umemnyima kivuli.

Kaa asipochimba, tope halipati hewa. Tope lisipopata hewa, mafuta hayaozi. Mafuta yasipooza, kaa hachimbi. Huo mzunguko ndio unaoninyima usingizi. Wafaransa wamelifanyia kazi sana jambo hili kwa mnyoo mmoja anayechimba topeni, Hediste diversicolor, hasa kwenye lagoni ya Berre karibu na Marseille ambayo ina viwanda vya mafuta pembeni yake tangu miaka ya 1930. Mnyoo anapunga maji shimoni mwake ili apumue, na kwa kufanya hivyo anawapelekea bakteria oksijeni mpaka chini. Hapo hapo naye anaweza kuzika mafuta mapya yaliyo juu. Ni msaidizi na ni msafirishaji kwa wakati mmoja.

---

Kijana_wa_Mikindani

Mkuu, meli zinakuja mara moja kwa miaka. Mbona huzungumzii gereji? Huku kwetu oili chafu inamwagwa mtaroni kila jioni, mvua ikinyesha yote hori.

---

Mchu_wa_PortReitz

Umenigusa. Kuna gereji moja karibu na nyumba tuliyokuwa tukiishi, sitaitaja. Marehemu bibi aliwaendea mara mbili kuwaomba waweke pipa. Wakamwitikia vizuri, wakamkaribisha chai, na mtaro ukaendelea kuwa mweusi. Akaacha kuchokoa upande ule akiwa bado na nguvu zake.

Ajali ya meli ni pigo moja. Oili chafu, maji ya ngama yanayosukumwa nje ya boti usiku, dizeli inayodondoka wakati wa kujaza mashine, hayo ni pigo dogo kila siku, na tope linajumlisha tu. Oili iliyokwisha kutumika ni mbaya kuliko mpya kwa sababu ndani ya injini hidrokaboni za pete zinaongezeka na vyuma vinachanganyika humo.

Na kuna chanzo cha tatu, moshi. Takataka zikichomwa, makaa, moshi wa malori, vyote vinatoa hidrokaboni za pete zinazoshuka na masizi na mvua. Maabara inaweza kutofautisha. Mafuta yaliyomwagika yana mpangilio wake, yaliyoungua yana mpangilio mwingine: yaliyoungua yana zaidi zile za pete nne, tano, na kuendelea, zilizo tupu bila mikia. Masizi yanazishika kwa nguvu kiasi kwamba mnyoo hazipati kirahisi, tofauti na za dizeli mbichi. Kwa hiyo matope mawili yenye namba ile ile kwenye karatasi ya vipimo yanaweza kuwa na sumu tofauti kabisa. Namba peke yake haitoshi mpaka umhesabu na mnyoo.

---

Mpwani_Ughaibuni

Mimi nilikuwa nafanya kazi hotelini Mauritius 2020. Meli ya Wakashio ilipanda mwamba Pointe d'Esny tarehe 25 Julai. Tuliiona imekaa pale kama jengo, meli ya karibu mita 300, siku baada ya siku. Tarehe 6 Agosti mafuta yakaanza kutoka. Sitasahau harufu. Watu hawakungoja amri. Wanawake walishona mifuko mirefu ya kitambaa, tukajaza majani makavu ya miwa, tukafunga chupa tupu za plastiki ili ielee, tukaitandaza kwenye lagoni ya Mahébourg. Shule, misikiti, makanisa, wote kazini. Tarehe 15 meli ikakatika vipande viwili. Baada ya miezi wageni walirudi na maji yalikuwa mazuri kweli. Ndiyo maana uzi huu umenishika. Tope sikulifikiria hata siku moja.

---

Mchu_wa_PortReitz

Kaka, kazi mliyofanya na majani ya miwa iliokoa mikoko mingi, na nasema hivyo kama mtu anayejua mafuta yakifika topeni inakuwaje. Zilivuja takriban tani 1,000, na kila gunia mlilolitoa juu ya maji ni gunia ambalo halikuzama.

Mafuta yale yalikuwa ya aina mpya, yenye salfa kidogo, yaliyoingia sokoni baada ya kanuni ya kimataifa ya Januari 2020. Kabla ya hapo hakuna aliyekuwa amewahi kuona jinsi yanavyofanya yakimwagika kwa wingi kwenye lagoni ya matumbawe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Curtin, Australia, walipima tope la mikoko zaidi ya miaka miwili baadaye, wakayakuta bado, na alama zake za kikemia ni zile zile za Wakashio.

---

Mdigo_wa_Tanga

Sisi huku Chongoleani ndiko bomba la kutoka Hoima linakoishia, kilomita 1,443. Sisemi lisije, ndugu zangu wamepata kazi. Nauliza tu, tufanye nini sasa kabla ya meli kuanza kupakia?

---

Mchu_wa_PortReitz

Hesabuni viumbe wa topeni. Sasa hivi, kabla.

Narudi Morlaix. Kwa nini tunajua kwamba Ampelisca walichukua zaidi ya miaka kumi kurudi? Kwa sababu mtafiti Jean-Claude Dauvin na wenzake walikuwa na hesabu za pale tangu 1977, mwaka mmoja kabla ya meli kuvunjika. Panama vilevile. Aprili 1986 tangi la kiwanda cha kusafishia mafuta lilipasuka, zaidi ya lita milioni 8 zikaingia kwenye mikoko na matumbawe ya Bahía Las Minas. Taasisi ya Smithsonian ilikuwa na kituo pale pale Galeta na miaka mingi ya kumbukumbu. Waliweza kusema hiki kilikuwepo, hiki hakipo. Nasi Makupa 1988 tulibaki na mikoko iliyokauka na hadithi za wazee.

Kenya mwaka 2006 ilitoa atlasi ya maeneo ya pwani yanayoweza kudhurika na mafuta, kazi nzuri sana, inakuonyesha wapi kuna mikoko, wapi nyasi za bahari, wapi mchanga. Lakini ramani inakuambia mkoko upo. Haikuambii chini ya mkoko ule kuna aina ngapi za minyoo.

Kwa Tanga kuna jambo la ziada. Mafuta ya Hoima yana nta nyingi, ndiyo maana bomba linapashwa moto lisipungue nyuzi 50. Yakiingia baharini yatapoa na kuganda vipande. Usitarajie utando mweusi kama wa Mauritius, tarajia mabonge yanayosafiri na mkondo na kutua kwenye mikoko mbali na gati. Hesabu ya kabla isiishie Chongoleani, ipande na kushuka pwani.

---

Bi_Tondoo_Unguja

Na yakishafika topeni, tunayatoaje? Tuchimbe tope lote tutupe?

---

Mchu_wa_PortReitz

Hapana dada, na hapo wengi wenye nia njema wameharibu. Kwenye mchanga wa ufukweni unaweza kukwangua juu. Kwenye tope la mikoko, kila unyayo unasukuma mafuta chini zaidi. Watu hamsini wenye ndoo wakikanyaga siku tatu, wameyazika kwa miguu yao. Kutumia dawa ya kusambaza mafuta kwenye maji ya kina kifupi nako ni kuyahamisha tu kutoka juu kwenda kwa kombe. Mchu unapumua kwa zile pembe zinazochomoza topeni, mkoko kwa mizizi yake ya juu. Mafuta yakiziba vinyweleo mti unakufa miezi baadaye, na ukiuchimba unakufa leo.

Kinachofaa zaidi ni kuyazuia yasiingie, kama walivyofanya Mahébourg. Yakishaingia, kuyaosha taratibu kwa maji ya bahari yasiyo na nguvu wakati yanapwa, kuyakusanya mlangoni, kisha kuwaachia kaa na minyoo nafasi. Na kufunga uchokoaji wa kombe pale kwa muda unaotokana na vipimo vya tope na vya kombe wenyewe.

---

Kijana_wa_Mikindani

Mkuu, mimi si msomi lakini hori nalijua kila kona. Nikitaka kujifunza hiyo hesabu inawezekana?

---

Mchu_wa_PortReitz

Inawezekana, na wewe utaniambia vitu ambavyo chekeche haijui. Bomba la plastiki la maji taka, inchi nne, limekatwa sentimita 30. Chekeche mbili. Ndoo tatu zenye vifuniko, kalamu ya risasi na karatasi ngumu, maana wino unafutika. Nitakuja na formalini, hiyo usiiguse.

Bamvua lijalo maji yatapwa asubuhi, tutapata kama saa tatu za kufanya kazi. Tuanze upande wa pili wa mtaro wa gereji, pale bibi alipoacha, halafu tuende mpaka kwenye mchu mkubwa uliobaki peke yake. Vituo vitano, vipande vitatu kila kituo. Vaa gambuti, na kama nyumbani kuna mzee anayekumbuka kombe walikuwa wakipatikana wapi zamani, mwombe aje akae kivulini atuelekeze.

---

Kijana_wa_Mikindani

Mama yangu anakumbuka. Anasema atakuja na jembe lake.